Hayati Okot p'Bitek na Mtoto Asiyetulia

Ndugu askari waliopata kulinda mpaka wa Busia na Tororo wanafahamu kwamba watu wa huko hawatenganishwi na kizuizi cha barabarani. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili, nao Wapadhola wa Tororo husema lugha iliyo ndugu ya Kijaluo cha Kisumu na Kiacholi cha Gulu. Katika ukoo huo wa lugha alizaliwa Hayati Okot p'Bitek. Twayaeleza maisha yake leo kwa ajili ya kila mzazi mwenye mtoto asiyetulia darasani.

Okot alizaliwa Gulu mwaka 1931. Baba yake alikuwa mwalimu, na mama yake mwimbaji na mchezaji ngoma mwenye sifa. Basi nyumbani kwao mlikuwa na shule mbili, ya kitabu na ya wimbo. Alisoma Gulu, kisha King's College, Budo, ambako alitunga mchezo wa kuimba angali mwanafunzi. Mwaka 1953 alitoa riwaya yake kwa Kiacholi.

Hakuwa mtu wa kushika jambo moja. Alifundisha, akaongoza kwaya, akacheza kandanda, na mwaka 1956 akaenda Uingereza na timu ya taifa ya Uganda. Yeye alibaki huko kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha elimu ya mila na jamii Oxford. Mwenye kupima watu kwa utulivu peke yake angemwona mtangatangaji. Kumbe yote hayo yalikuwa akiba ya utungo. Mwaka 1966 Song of Lawino ilichapishwa Nairobi, naye alikuwa ameutunga utenzi huo kwanza kwa Kiacholi. Ndani yake mke wa kijijini anamlalamikia mume anayedharau mambo ya kwao. Mke huyo haombi kugeuzwa awe mwingine, bali aheshimiwe jinsi alivyo.

Okot aliongoza kituo cha utamaduni cha taifa, Kampala, kisha akaondolewa baada ya kuisema serikali akiwa Zambia. Alipata hifadhi ng'ambo ya mpaka, Kenya. Huko Kisumu aliendesha elimu ya watu wazima ya Chuo Kikuu na kuanzisha tamasha la sanaa mwaka 1968, kisha akafundisha Nairobi. Utawala wa Amin ulipoanguka mwaka 1979, alirudi Uganda. Mwaka 1982 Makerere ilimfanya profesa wake wa kwanza wa somo la utungaji. Alifariki Julai mwaka huohuo.

Hatumpi Okot jina la ugonjwa. Lakini matabibu wa leo wanafahamu kwamba wako watoto ambao ni shida kwao kukaza fikira juu ya jambo moja. Hukurupuka, na viungo vyao havitulii. Hali hiyo si utovu wa adabu wala kosa la malezi, na mara nyingi hurithiwa. Kiboko hakiiponyi. Katika nyumba za askari, ambamo baba huishi kwa amri na gwaride, ni rahisi mtoto huyo kuitwa mkaidi, naye akaliamini jina hilo.

Hapana budi apelekwe kwa daktari. Utungo hauchukui nafasi ya tiba, lakini humpa mahali ambapo wepesi wa mawazo yake ni mali. Na asimulie kisa chake kwanza, hata akiwa amesimama au akitembea, mkubwa akimwandikia. Kisha aandike mwenyewe kipande kifupi, apumzike, aendelee. Makosa ya herufi yatasahihishwa baadaye. Kwanza asifiwe kwa alichokiona ambacho wenziwe hawakukiona.

Gwaride hutaka nyayo zilingane, na ni haki yake. Lakini karatasini, ndugu zetu, mtoto hana wa kulingana naye. Mpeni kalamu, kisha mketi mmsikilize.