Grace Hopper, mwanamke aliyeandika maelezo ya mashini ili hata asiyeiona aweze kuitumia

Siku hizi akili bandia haijibu maswali tu. Kuna programu zinazoitwa mawakala: unaipa kazi, nayo inachagua yenyewe chombo cha kuifanyia, kama vile kutafuta katika daftari, kutuma ujumbe au kulipa bili. Wakala hajui chombo kwa kukishika mkononi. Anasoma jina lake na mistari michache ya maelezo, basi. Mistari hiyo ikiwa na giza, kazi inaharibika. Mmoja wa watu wa kwanza kuhangaika na shida ya namna hiyo ni Mmarekani Grace Hopper, aliyefariki mwaka wa 1992.

Alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906. Akiwa na miaka saba alifungua saa za nyumbani, moja baada ya nyingine, ili aone zinavyofanya kazi. Alisoma hesabu na fizikia katika chuo cha Vassar, akapata udaktari wa hesabu katika chuo kikuu cha Yale mwaka wa 1934. Alipokuwa mwalimu huko Vassar, aliwalazimisha wanafunzi wa hesabu waandike insha, naye akasahihisha lugha yao. Walinung'unika. Jibu lake lilikuwa kwamba hesabu haina faida kwa mtu asiyeweza kuieleza kwa wengine.

Mwaka wa 1943, wakati wa vita, aliingia jeshi la majini la Marekani, ingawa umri wake ulikuwa umepita kiwango na uzito wake ulikuwa mdogo mno. Mwaka uliofuata alitumwa chuo kikuu cha Harvard, kwenye mashini ya hesabu iliyoitwa Mark I. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15, uzito wa karibu tani 5, na nyaya za karibu kilomita 800. Mkubwa wake, Howard Aiken, alimwamuru aandike kitabu cha maelezo yake. Hopper alisema hajawahi kuandika kitabu. Aiken akamkumbusha kwamba yuko jeshini.

Kitabu kilitoka mwaka wa 1946, kikiwa na kurasa zaidi ya 500. Kinaeleza kila sehemu inafanya nini, inapewa nini, inatoa nini, na mtumiaji afuate hatua gani. Aliandika kwa ajili ya mtu ambaye hatakuwa na wa kumuuliza.

Kwa sisi watu wa Katanga, kuna jambo jingine la kukumbuka juu ya mashini hiyo. Mwaka wa 1944 mtaalamu John von Neumann alileta hesabu za mlipuko. Waliozitia katika mashini hawakuambiwa ni za nini. Zilikuwa za bomu la atomiki, na sehemu kubwa ya uranium ya mradi huo ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Wachimbaji wetu nao hawakuambiwa. Maelezo safi yanasema chombo kinafanya nini. Hayasemi anayekitumia ana nia gani. Swali hilo watu lazima waliulize wenyewe.

Baada ya vita Hopper alikwenda Philadelphia kufanya kazi katika sosiete ya kompyuta. Wakati huo maagizo ya mashini yaliandikwa kwa namba na alama, na wachache tu waliyaelewa. Mwaka wa 1952 alitengeneza programu ya kugeuza maagizo kuwa lugha ya mashini. Kisha akataka watu wa biashara waandike maagizo kwa maneno ya kawaida. Alipowaonyesha wakubwa wake kwamba maagizo yaleyale yanaweza kuandikwa kwa Kiingereza, kwa Kifaransa au kwa Kijerumani, walishtuka: mashini ya Pennsylvania itajuaje Kifaransa? Kwake yeye, neno lolote lilifaa, mradi maana yake imefungwa. Kazi hiyo ilizaa FLOW-MATIC, nayo ikawa msingi mkubwa wa COBOL, lugha ya kompyuta iliyoanzishwa mwaka wa 1959 na ambayo mabenki mengi bado yanaitumia.

Tuchukue mfano wa karibu. Tuseme kituo cha afya huko Musumba, mji wa Mwant Yav katika teritwari ya Kapanga, kina wakala wa kusaidia mambo ya dawa, na chombo kimoja kimeandikwa kwamba kinashughulikia dawa. Wakala atajuaje kama kinahesabu stoku au kinaagiza mpya? Muuguzi anauliza dawa za malaria zimebaki ngapi. Wakala anaagiza nyingine, na pesa za kituo zinakwenda. Sasa tuandike hivi: chombo hiki kinaonyesha idadi ya dawa zilizobaki, kipe jina la dawa moja, hakiagizi wala hakibadilishi chochote, kwa kuagiza, tumia kile kingine. Ni mistari michache tu, na inaweza kuandikwa kwa Kiswahili.

Jeshi lilimstaafisha, kisha likamwita tena mwaka wa 1967. Aliondoka mwaka wa 1986 akiwa na cheo cha rear admiral na umri wa miaka 79. Katika mihadhara alikuwa akigawa vipande vya waya vya karibu sentimita 30, ili watu waone kwa macho umbali ambao umeme hauwezi kuuzidi katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde.

Alifariki tarehe 1 Januari 1992, akazikwa katika makaburi ya Arlington. Meli moja ya kivita ya Marekani ina jina lake, na mwaka wa 2016 alipewa nishani ya juu ya raia wa nchi hiyo. Vijana wa Lualaba wanaotaka kuingia katika kazi ya akili bandia wanaweza kuanza alipoanzia yeye: kuandika maelezo, kisha kumpa mwenzao asiyejua chombo ayasome na kukitumia bila kuuliza.