Charles Darwin na chanzo cha dawa ya kuotesha mizizi

Mwenye kitalu anayechovya kipande cha tawi kwenye unga wa homoni ya mizizi ananufaika na kazi ya Mwingereza aliyefariki mwaka 1882, Charles Darwin. Wengi humjua kwa maandishi yake kuhusu chimbuko la viumbe. Wachache wanajua kwamba uzeeni alishughulika sana na miche.

Darwin alizaliwa Shrewsbury, Februari 12, 1809. Baba yake, daktari, alitaka mwanawe naye awe daktari. Kijana alishindwa kuvumilia kuona wagonjwa wakipasuliwa bila nusukaputi, akaacha masomo hayo. Mwaka 1831 alipanda meli iitwayo Beagle, akazunguka dunia kwa karibu miaka 5. Baadaye alioa, akahamia kijiji cha Downe. Maradhi yalimwandama kwa miaka mingi, hivyo utafiti wake mwingi aliufanyia nyumbani.

Mwaka 1876 mkwe wake, mke wa Francis, alifariki baada ya kujifungua. Francis akarudi kwa wazazi wake na mtoto mchanga, akawa msaidizi wa baba yake. Wawili hao walifunika ncha za nyasi zilizotoka kuota, kisha wakazimulika upande mmoja. Zilizofunikwa hazikuufuata mwanga. Zilizoachwa wazi zilipinda, tena chini ya ncha. Wakaona kwamba kuna kitu kinachoshuka kutoka nchani. Kitabu chao kilitoka mwaka 1880, na Julius Sachs, bingwa wa mimea wa Ujerumani, akakikosoa. Darwin alifariki Aprili 19, 1882, bila kukijua kitu hicho.

Katika miaka ya 1920 Mholanzi Frits Went alifanikiwa kukinasa kwenye vipande vya jeli. Kikaitwa oksini. Miaka ya 1930 watafiti wakagundua kuwa oksini pia huamsha mizizi: hushuka ndani ya tawi, hukusanyika palipokatwa, na mizizi huchipua hapo. Ndipo unga wa mizizi ukaanza kutengenezwa.

Pingili ya muhogo haihitaji msaada huo. Miti migumu kuota, kama mepo ya nchi za baridi, huoteshwa kwa machipukizi laini yaliyochovywa kwenye homoni. Lakini homoni peke yake haitoshi. Chipukizi lisilo na mizizi hukauka upesi, hivyo linahitaji kivuli na unyevu mpaka lianze kujilisha lenyewe.