Mbwa wa Stanley na mtoto wa mbwa aliyeokotwa na mwanao

Kama wewe ni mzazi wa Murukulazo, au kijiji kingine chochote cha Ngara na Biharamulo, huenda jambo hili limeshakukuta. Mtoto anarudi kutoka shule, kifuani amekumbatia mtoto wa mbwa aliyekonda, ameokotwa kando ya barabara. Anaomba akae naye. Wewe unawaza viroboto, minyoo na kichaa cha mbwa, na jibu la kwanza linalokujia ni kumwambia amrudishe alikomtoa.

Kabla hujajibu, wiki hii nikusimulie habari za mtu aliyepita pande hizo za kwenu akiwa na mbwa wasio na mwenyewe. Jina lake ulilisoma katika somo la historia: Henry Morton Stanley.

Hilo silo jina alilozaliwa nalo. Alizaliwa Denbigh, Wales, Januari 1841, akaitwa John Rowlands. Mama yake hakuwa ameolewa, akamwacha kwa babu. Babu akafariki mtoto akiwa na miaka mitano. Wajomba walilipia malezi yake kwa jirani kwa muda, kisha wakaacha kulipa. Februari 1847 alishikwa mkono, akadanganywa kwamba anapelekwa kwa ndugu wa mama yake. Alikofikishwa ni St Asaph, nyumba ya kuwekea maskini, na mlango ukafungwa nyuma yake. Alikaa humo hadi 1856. Akiwa na miaka kama tisa, mama yake aliingia humo akiwa na watoto wengine wawili, na kijana hakumtambua mpaka alipoonyeshwa kwa kidole.

Sisi tunaofanya kazi na watoto tunawajua wa aina hii. Halii ovyo, haombi kitu, hamwamini mtu. Mzazi humsifu kwamba ana adabu, kumbe ameshajifunza kwamba hata akilia haji mtu.

Yaliyofuata nayapita haraka. Mwaka 1859 alifika Marekani, akabadili jina, akapigana katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kwa pande zote mbili, akawa mwandishi wa gazeti, na mwaka 1871 akampata Livingstone pale Ujiji. Miaka yote hiyo alificha alikotoka na kujiita Mmarekani.

Mwaka 1874 alikuwa London akijiandaa kwa safari nyingine ya Afrika. Mbwa wakubwa wa kupewa alikuwa nao tayari. Hata hivyo aliongeza wengine kutoka Battersea, kwenye makao ya mbwa waliopotea na kutupwa. Makao hayo yalianzishwa mwaka 1860 na mwanamke aitwaye Mary Tealby, aliyeshindwa kuvumilia kuona mbwa wakifa njaa mitaani. Stanley alichukua watatu, majina yao Nero, Bull na Jack. Kila nikifika hapo katika maisha yake, namwona mtoto wa St Asaph akichungulia vizimbani.

Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874. Castor, mbwa mkubwa wa fahari, aliuawa na joto siku za mwanzo kabisa. Bull na Jack, hao wa kuokotwa, ndio waliotembea hadi Ziwa Victoria na kuzidi. Wakati huo watu walikuwa wakipukutika. Edward Pocock alikufa kwa homa Januari 1875, Frederick Barker akafuata mwaka huohuo, na wapagazi walikufa kwa wingi kwa ndui, kuhara na njaa. Mtu yule ambaye ulimi wake ulikuwa mzito kumwambia mwanadamu kwamba anampenda aliandika habari za Jack kama za rafiki wa moyoni.

Hilo halinishangazi. Ukimpapasa mbwa mtulivu, presha hushuka, mapigo ya moyo hupungua kasi, na homoni za msongo hupungua mwilini. Mbwa pia hakuulizi baba yako ni nani. Kwa mtoto aliyefiwa, aliyeachwa, au anayeumwa muda mrefu, kumlisha kiumbe kinachomngojea mlangoni humpa sababu ya kuamka asubuhi. Wapo watoto walioanza kuzungumza na mbwa kabla ya kuweza kuzungumza na daktari.

Mapema mwaka 1876 Stanley alifika Karagwe kwa Mukama Rumanyika. Alisafiri kwa mashua katika Mto Kagera, akaziona chemchemi za maji moto za Mtagata ambako wagonjwa walikuja kujitumbukiza wapate nafuu. Kisha akashuka kusini kupitia Usui, yaani Rusubi, ambako leo ni upande wa Biharamulo. Ilikuwa masika, njia tope tupu. Katika safari hiyo ya kusini Bull aliishiwa nguvu. Alijaribu kuufuata msafara, akapepesuka, akainuka tena, mwishowe akalala katika tope, uso ukiwa umeelekea walikokwenda wenzake, akafa. Jack naye hakufika Kongo, maana alichomwa pembe na ng'ombe mkali.

Sasa nisikudanganye, msomaji. Mtu huyohuyo aliyemhurumia Bull, Agosti 1875 aliwaua kwa risasi makumi ya watu wa kisiwa cha Bumbire, ambacho leo kipo Muleba, kulipiza kisasi cha ugomvi wa miezi michache nyuma. Aliwachapa wapagazi wake viboko. Baadaye alimfanyia kazi Mfalme Leopold huko Kongo, na Wakongo wanajua walivyolipia kazi hiyo. Mbwa alifungua dirisha dogo katika moyo ule, mlango haukufunguka. Ndiyo maana mzazi akiniambia kwamba mwanawe mwenye huzuni sasa ana mbwa, kwa hiyo mambo yameisha, huwa namuuliza: na wewe unakaa naye saa ngapi?

Kuna jingine la kukumbuka. Stanley alipotembea na mbwa hao, kinga ya kichaa cha mbwa haikuwapo duniani. Pasteur alimchanja mtoto wa kwanza Julai 1885. Kabla ya hapo, aliyeng'atwa na mbwa mgonjwa akianza kuogopa maji alikuwa anasubiri kaburi. Leo, dalili zikishaanza hali ni ileile, ila kabla hazijaanza tunaweza kumwokoa. Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Usipake majivu wala kuweka jiwe.

Stanley alioa akiwa na umri wa miaka 49, mwaka 1890, akamwoa Dorothy Tennant. Hawakupata mtoto. Mwaka 1896, mwili umeshachoka kwa malaria na maumivu ya tumbo, walimchukua mtoto mchanga kutoka Wales, wakamwita Denzil. Mzee yule aliyeogopwa nusu ya Afrika sasa alikuwa na mtoto wa kumlea. Kiharusi kilimpiga mwaka 1903, akafariki London tarehe 10 Mei 1904, Denzil akiwa bado mvulana mdogo.

Basi turudi kwa mtoto wako aliyesimama uani. Kwanza muulize kama mbwa huyo amemng'ata au kumkwaruza. Mbwa akiwa mkali, anatoka mate mengi au anapepesuka, asiguswe na mtu, na ofisa mifugo aitwe mara moja. Akiwa mzima, mpelekeni kwa ofisa mifugo wa kata apate dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa, na chanjo irudiwe kama atakavyoelekeza. Mtoto anawe mikono kwa sabuni kila amshikapo, wala asimsumbue akiwa anakula au amelala. Kama imani yako hairuhusu mbwa ndani, banda la nje linatosha. Jioni anapompelekea chakula, nenda naye.