Henry Shrapnel na Kombora Lake

Henry Shrapnel alizaliwa Uingereza mwaka 1761, akaingia jeshi la mizinga mwaka 1779. Siku zile risasi ndogo ndogo zilizopigwa kwa mzinga hazikufika mbali. Basi akabuni kombora lililojazwa risasi na baruti kidogo, lenye utambi wa kulipasua likiwa angani, juu ya adui. Alitumia fedha zake mwenyewe miaka mingi, hata jeshi likalikubali mwaka 1803. Alifariki mwaka 1842. Katika Vita Kuu ya 1914–1918 makombora ya namna hiyo yalipigwa hata Afrika Mashariki. Waingereza hadi leo huviita kwa jina lake vipande vya chuma virukavyo bomu lipasukapo. Kibondo na Kasulu, zilizopokea wakimbizi wengi, zajua kwamba vipande hivyo havichagui askari wala mtoto.