Matt Talbot, Mlevi wa Dublin Aliyebadili Kiu Yake

Matt Talbot alizaliwa Dublin, Ireland, tarehe 2 Mei 1856, katika familia maskini ya watoto 12. Akiwa bado mtoto aliacha shule, akaajiriwa na wafanyabiashara wa pombe, na huko ndiko alikojifunza kunywa. Kwa miaka kama 16 mshahara wake uliishia kilabuni. Siku moja yeye na wenzake waliiba fidla ya mpiga muziki wa mtaani, wakaiuza, wakainywea.

Mwaka 1884, akiwa hana hata senti, alisimama nje ya kilabu akisubiri marafiki aliowanywesha mara nyingi wamkaribishe. Wakampita. Akarudi nyumbani, akamwambia mama yake kwamba anakwenda kuweka ahadi ya kuacha pombe. Alikwenda Clonliffe, katika seminari (ndiyo, ndugu waseminari, seminari!), akaungama na kuahidi kutokunywa kwa miezi 3 tu.

Mwaka 1954 huko Montreal, James Olds na Peter Milner waliweka waya ndani ya ubongo wa panya, na panya wakawa wanabonyeza kitufe wenyewe, tena na tena, wapate ile raha. Je, kingekuwepo kitufe cha kuifuta kiu ya pombe, mlevi angekibonyeza? Hapa Singida, tunakojua pombe ya mtama na nyumba ilizozibomoa, wengi watajibu ndiyo upesi. Mimi nasita. Mlevi huichukia kiu yake asubuhi na kuitetea jioni. Lakini akitaka msaada wa daktari, asiambiwe kwamba imani yake ni ndogo.

Talbot hakuwa na kitufe. Aliacha kutembea na fedha mfukoni. Baada ya kazi aliingia kanisani, kwa sababu saa zile ndizo zilizokuwa za kilabu. Miezi 3 ilipokwisha aliahidi tena, na mwishowe akaahidi kwa maisha yote. Aristotle angeitambua njia hiyo: tabia hujengwa kwa kutenda. Mwaka 1890 akajiunga na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko.

Yule mwenye fidla alimtafuta sana, asimpate. Akatoa fedha ili aombewe Misa.

Tarehe 7 Juni 1925, Sherehe ya Utatu Mtakatifu, alianguka na kufa barabarani akienda Misa. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alimtangaza Mheshimiwa.