Mgonjwa na Mfungwa Katika Mtu Mmoja

Kanisa lenu linapokwenda gerezani na sabuni na mafuta, huenda yupo mmoja asiyetoka kuimba nanyi kwa sababu akili yake inaumwa. Kwa ajili yake, leo tumkumbuke Dorothea Dix.

Alizaliwa mwaka 1802 huko Maine, Marekani, akawa mwalimu. Afya yake ilikuwa dhaifu. Mwaka 1836 mwili na moyo vilimwelemea, akaacha shule, akaenda kuuguzwa na marafiki Uingereza. Alijua maana ya kuzidiwa.

Machi 1841 aliombwa kufundisha somo la Jumapili kwa wanawake wa gereza la East Cambridge, Massachusetts. Huko alikuta wagonjwa wa akili wamefungwa pamoja na wahalifu, katika vyumba visivyo na moto, na baridi bado ni kali. Alipouliza, akaambiwa kwamba wendawazimu hawasikii baridi.

Hakuishia kusikitika. Alifika mahakamani, na moto ukawashwa. Kisha kwa karibu miaka miwili alizunguka magereza na nyumba za maskini za jimbo zima, akiandika aliyoyaona: watu vizimbani, wengine uchi, wengine kwenye minyororo. Mwaka 1843 taarifa yake ilifikishwa katika bunge la jimbo, ikiwasilishwa na mwanamume, maana siku hizo mwanamke hakuwa na kiti wala kura. Hospitali ya Worcester ikapanuliwa.

Mwaka 1854 muswada aliouhangaikia, wa kutenga ardhi ya taifa kwa ajili ya wagonjwa hao, ulipitishwa na mabunge yote mawili. Rais Franklin Pierce akaukataa. Dorothea aliumia sana, lakini hakuacha kazi. Alifariki mwaka 1887 huko Trenton, New Jersey, ndani ya hospitali iliyojengwa kwa juhudi zake.

Mpendwa, Mathayo 25 inataja mgonjwa, kisha mfungwa. Dorothea aliwakuta wote wawili katika mtu mmoja. Mtu huyo akimaliza kifungo, hurudi mtaani kwetu na ugonjwa wake. Sisi humwita kichaa, tukawavuta watoto pembeni. Mwombee, ndiyo. Lakini pia msindikize kliniki, mkumbushe siku ya dawa, na Jumapili akiingia kanisani, sogea kidogo apate kuketi kwenye benchi lako.