MAISHA YA CLAUDE DEBUSSY, MWANAMUZIKI WA UFARANSA



Claude Debussy alizaliwa tarehe 22 Agosti 1862 huko Saint-Germain-en-Laye, karibu na Paris. Baba yake aliuza sahani na vikombe, mama alishona nguo. Mwaka 1871 baba aliingia katika vita ya Commune ya Paris, wakamfunga. Sisi wa Kasapa tunajua buloko ni nini, maana iko jirani yetu. Tunajua pia vile watu wanamutazama mtoto wa mfungwa. Kumbe mule ndani baba alifahamiana na mfungwa mwenzake, ambaye mama yake alifundisha piano. Yule mama akamtayarisha Claude, na mwaka 1872, akiwa na miaka 10, mtoto akapokelewa katika Conservatoire, shule kubwa ya muziki ya Paris.

Mara mingi alibishana na walimu juu ya sheria za muziki. Hata hivyo alizijifunza: mwaka 1884 akapata Zawadi ya Roma kwa muziki juu ya mwana mpotevu, ile habari ya Luka 15.

Mwaka 1889 kukawa maonyesho makubwa Paris. Watu wa nchi za mbali waliletwa pale, na wengi walikwenda kuwatazama tu. Debussy alisikiliza. Wanamuziki wa Java walipiga vyombo vya shaba, kila mmoja na sehemu yake. Akafahamu kwamba sheria za Ulaya si sheria za dunia yote.

Tarehe 22 Desemba 1894 orkestra ilipiga Prélude à l'après-midi d'un faune. Filimbi inaanza peke yake, polepole. Watu wakaomba ipigwe tena. Lakini La Mer, muziki juu ya bahari, mwaka 1905 haikusifiwa na wengi. Muziki wake uliitwa impressionnisme, sawa picha za wachoraji wa siku zile. Jina lile hakulipenda.

Alikufa kwa kansa tarehe 25 Machi 1918, mizinga ya Wajerumani ikipiga Paris.

Orkestra ya Les Siècles, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 2003, imepiga kazi zake kwa vyombo vya wakati wake: violon za nyuzi za matumbo ya wanyama, na filimbi na tarumbeta za zamani. Hivi kila chombo kinasikika na sauti yake.

Basi, sisi tunaosoma solfeji tusizarau malimba na likembe za wazee wetu. Na kama mwenzetu ana baba kule buloko, tukae naye benchi moja.